Uliza Ujibiwe: Kazi ya kubuni gemu za mkakati

Toleo lililopita niliandika kwa ufupi kuhusu gemu za mkakati, zile ambazo mchezaji hujenga miji, hupanga jeshi au huendesha biashara, na ushindi wake hutegemea kupanga kuliko wepesi wa vidole. Barua zimemiminika. Nyingi zinauliza habari za mbunifu mmoja, Sid Meier, na nyingine zinauliza mtu anaingiaje katika kazi hii akiwa huku kwetu. Nimejibu hizi sita.

Shikamoo dada. Niko kidato cha nne hapa Tanga. Kaka yangu ana kompyuta yenye Civilization, gemu ya kukuza taifa tangu enzi za kale, na likizo nzima nimeicheza. Kwenye jalada kuna jina la Sid Meier. Huyo ni nani, alisomea nini, na mtu anafikaje hadi gemu ikaitwa kwa jina lake?
*Mwanafunzi, Tanga*

Marahaba mdogo wangu. Jina lile lilianza kuandikwa kwenye majalada kabla Civilization haijakuwapo, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Sid Meier alizaliwa 1954 huko Sarnia, Kanada, akakulia Detroit, Marekani. Alihitimu sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akaajiriwa Maryland na kampuni ya General Instrument, akishughulikia mifumo ya mashine za malipo za madukani. Gemu alikuwa akiziandika nyumbani kwenye kompyuta yake ya Atari, baada ya kazi. Mwaka 1982 yeye na mfanyakazi mwenzake, Bill Stealey, ambaye alikuwa amerusha ndege za jeshi la anga, walikwenda Las Vegas kwa mkutano wa kikazi. Wakakuta mashine ya gemu ya ndege za kivita iitwayo Red Baron. Stealey akacheza, akapata alama za kujivunia. Meier akaketi baada yake, akampita kwa mbali. Rubani akataka kujua imekuwaje. Meier akamweleza kwamba wakati mwenzake anacheza, yeye alikuwa anatazama ndege za adui zinafuata mwendo gani, na kwamba gemu bora kuliko ile angeweza kuiandika mwenyewe. Stealey akamwambia aiandike, kazi ya kuiuza ataifanya yeye. Kampuni yao, MicroProse, ikazaliwa mwaka huohuo.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu kinaonyesha mbunifu anavyotazama. Mmoja alikuwa anapigana na ndege, mwingine alikuwa anasoma kanuni zinazoziendesha. Ukijikuta umeacha kufurahia ushindi na umeanza kujiuliza kwa nini kompyuta ilijenga mji pale na si kule, umeshaanza kazi.

Miaka ya kwanza alitoa gemu za ndege na nyambizi mfululizo: Hellcat Ace, F-15 Strike Eagle, Silent Service. Ziliuzwa vizuri, na hapo ndipo angeweza kubaki maisha yake yote. Badala yake akataka kutengeneza gemu ya maharamia wa Karibi. Stealey hakuifurahia, maana wateja wao walikuwa watu wa ndege. Ndipo jina likapandishwa jaladani, ili aliyependa zile za ndege ajue kwamba hii nayo ni ya mtu yuleyule. Stealey amesimulia kwamba wazo hilo alilipata kwa mchekeshaji Robin Williams walipokuwa kwenye hafla moja. Pirates! ilitoka 1987 ikiitwa Sid Meier's Pirates!, na desturi ikashika.

Civilization ilitoka 1991. Hesabu miaka kutoka 1982 uone alipita gemu ngapi ndogo kabla ya kufika hapo. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa Railroad Tycoon akisaidiana na Bruce Shelley, mtu aliyetoka Avalon Hill, kampuni ya michezo ya ubaoni. Walipoanza kufikiria gemu kubwa zaidi, Meier alimpa Shelley gemu ya zamani iitwayo Empire aicheze, halafu aandike mambo 10 ambayo angeyabadilisha. Shelley alirudi na 12. Hilo ni zoezi ambalo hata wewe unaweza kulifanya leo jioni kwa Civilization yenyewe.

Toleo la kwanza la majaribio halikuwa la zamu. Saa ilikwenda yenyewe, mchezaji anatenga maeneo na kungoja yajengeke, kwa mfano wa SimCity, gemu ya kujenga mji iliyotoka 1989. Meier aliona mchezaji anakaa kutazama zaidi kuliko kuamua, akaiweka kando, akafanya kazi nyingine, na aliporudi akaigeuza ya zamu. Kisha yeye akawa anaandika programu, Shelley anacheza na kueleza anachokiona, Meier anabadilisha, wanarudia. Chini ya mwezi mmoja kabla ya gemu kutoka, akaikata ramani nusu, kwa sababu ile kubwa ilifanya mchezo uburute. Kanuni yake ni hiyo: ukiona kitu hakikai sawa, usikiongeze kwa asilimia 5. Kizidishe mara mbili au kikate nusu, utajua mara moja kama ulikuwa unaelekea panapofaa.

MicroProse iliuzwa kwa Spectrum HoloByte mwaka 1993. Mwaka 1996 Meier aliondoka pamoja na Jeff Briggs na Brian Reynolds, wakaanzisha Firaxis, ambayo ndiyo inayotoa Civilization hadi leo. Ila tambua jambo moja kuhusu jalada ulilonalo. Civilization II iliongozwa na Reynolds, ya nne na Soren Johnson, ya tano na Jon Shafer, ya sita na Ed Beach. Jina la Meier limekuwa kama alama ya nyumba. Walioketi kuandika kanuni za matoleo hayo ni hao wengine, na wewe ukitaka kujifunza kwa watu, usimsome Meier peke yake.

Dada, ni kweli kwamba katika Civilization ya kwanza Gandhi alikuwa anarusha mabomu ya nyuklia kwa sababu ya hitilafu ya hesabu?
*Msomaji, Bujumbura*

Si kweli. Hadithi inasema ukali wa Gandhi ulikuwa 1, akiingia demokrasia anapunguziwa 2, na kwa kuwa namba ile haiwezi kushuka chini ya 0, inazunguka na kuwa 255, yaani ukali wa kupindukia. Meier ameikanusha katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2020. Gandhi alitumia nyuklia kama kiongozi mwingine yeyote angeweza kutumia, ila kwa kuwa dunia inamjua kama mtu wa amani, watu wakakumbuka.

Nilicheza Civilization VI nikiwa mfalme wa Kongo, Mvemba a Nzinga. Nimeshangaa gemu inanikataza kuanzisha dini. Mataifa mengine yote yanaruhusiwa. Je, si dharau hiyo?
*Msomaji, Lubumbashi*

Ndugu yangu, swali lako limenifanya niache chai ipoe. Twende polepole.

Mvemba a Nzinga ndiye Afonso wa Kwanza, aliyetawala Kongo kuanzia mwanzoni mwa karne ya 16 hadi miaka ya 1540. Alipokea Ukristo ulioletwa na Wareno na akaufanya kuwa wa dola yake. Ed Beach na wenzake walilazimika kuchukua historia hiyo na kuigeuza iwe kanuni inayochezeka. Wakaamua hivi: Kongo haianzishi dini yake, ila dini yoyote itakayoenea katika miji yake mingi, Kongo inanufaika na imani za mwanzilishi kana kwamba ni yake. Matokeo yake ni kwamba mchezaji wa Kongo anatazama wamisionari wa jirani kwa jicho tofauti kabisa na wachezaji wengine. Anajiuliza amkaribishe nani, lini, na kwa faida gani. Swali hilo ndilo lililokuwa mezani kwa Afonso mwenyewe. Kwa hiyo mimi siioni dharau katika kanuni hiyo. Naona kazi nzuri, kwa sababu historia imeingia kwenye uamuzi wa mchezaji, haikubaki kuwa maandishi ya pembeni.

Lakini sitaiacha bila kusema lingine. Mwaka 1526 mfalme huyohuyo alimwandikia mfalme wa Ureno, João wa Tatu, akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawanyakua watu wake, hata wana wa wakubwa, na kuwauza. Katika gemu, Kongo haina kanuni inayogusa biashara hiyo. Kongo unayoicheza ina askari wenye ngao, masalia matakatifu na sanamu, na jeraha lake kubwa limeachwa nje. Kila mbunifu huchagua kitakachoingia na kitakachobaki nje, na hapo walichagua kisichouma. Mimi ningetamani siku moja mtu aliyezaliwa Lubumbashi, Matadi au Luanda aichukue habari ya Afonso na kuibuni upya, barua ile ikiwa katikati ya mchezo.

Mwanangu, hujambo? Mimi ni mama wa kijana wa miaka 19. Amemaliza kidato cha sita, anasema anataka kubuni gemu. Baba yake amekasirika. Naomba uniambie ukweli, hiyo ni kazi au ni mchezo?
*Mama, Morogoro*

Shikamoo mama, mie sijambo. Ni kazi, na ni kazi ya watu wengi kwa pamoja. Gemu moja ya mkakati inahitaji mbunifu wa kanuni, waandishi wa programu, wachoraji, mtu wa muziki, wajaribuji wanaocheza siku nzima wakitafuta makosa, na mtu wa kusimamia fedha na ratiba. Wengi huingia kupitia mlango mmojawapo wa hiyo, na ubunifu wa kanuni hukabidhiwa baada ya muda. Soren Johnson alifanya kazi katika Civilization III kabla ya kukabidhiwa ya nne aiongoze. Hata Afrika kampuni zipo: Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa gemu yake Aurion mwaka 2016 ikiuzwa dunia nzima, na Leti Arts, iliyoanzishwa 2009, imekuwa na mizizi Accra na Nairobi.

Sasa upande wa fedha. Huku kwetu wanaoishi kwa gemu tu ni wachache sana, mama, na sitaki kukupamba. Mimi ninabuni gemu na wenzangu wawili hapa Dar es Salaam, na kodi ya nyumba naipata kwa kuandika programu za maduka na za vikoba. Sioni haya kabisa, kwa sababu kazi hizo zimenifunza kuandika programu isiyomwangusha mtu anayeshika fedha za wenzake. Kijana asome kitu kitakachompa ajira ya kawaida, sayansi ya kompyuta, hisabati, uchoraji wa kidijitali, hata historia, na gemu aziandike jioni. Mzee hapo nyumbani mwambieni hivi: kijana ataonyesha gemu moja ndogo iliyokamilika kabla ya mwaka kwisha, inayochezeka kwenye simu ya baba mwenyewe. Akiikamilisha, mtazungumza upya mkiwa na kitu mkononi. Programu ya kutengenezea gemu iitwayo Godot ni ya bure na haihitaji kompyuta ya gharama. Kuiweka Play Store kunalipiwa dola 25 mara moja tu.

Na mama, ukipata nafasi icheze hiyo gemu yake. Mwambie ulipochoka na ulipochanganyikiwa, bila kumsifu wala kumbeza. Msaada huo hataupata kwa rafiki zake.

Habari yako dada. Nimeunda gemu ya vita ya zamu. Kabla ya kila pigano mchezaji anaonyeshwa nguvu za pande zote mbili. Kila ninayempa aicheze anasema kompyuta inaiba. Nimekagua hesabu mara nyingi na ziko sawa. Shida iko wapi?
*Msomaji, Nairobi*

Nzuri ndugu. Hesabu zako ziko sawa, na wachezaji wako nao wako sawa.

Mwaka 2010 Meier alizungumza na wabunifu wenzake San Francisco, kwenye mkutano wao wa kila mwaka, akaeleza walichokiona wakijaribisha Civilization Revolution. Mchezaji akiambiwa nguvu ni 3 kwa 1 kwa upande wake, kihesabu atashindwa mara moja katika kila mara nne. Wachezaji hawakukubali. Kwao 3 kwa 1 ilimaanisha kushinda. Lakini wao wakiwa ndio wanyonge, 1 kwa 3, na wakashinda, hakuna aliyelalamika kwamba kuna wizi. Walikuwa wamepigana kishujaa. Zaidi ya hapo, kushindwa kwenye 2 kwa 1 walikuvumilia mara mojamoja, ila 20 kwa 10 waliiona ni habari nyingine, kwa vile 20 inaipita 10 kwa kumi nzima. Na mtu aliyeshindwa pigano moja aliamini la pili ni haki yake.

Walichofanya ni kubadilisha gemu. Nguvu zikizidi kiasi fulani mchezaji akahakikishiwa ushindi, na matokeo ya pigano lililopita yakaanza kuhesabiwa katika linalofuata. Wapo wabunifu wanaochukia jambo hili, wanaona ni kumdanganya mchezaji. Mimi nasimama upande wa Meier kwa nusu tu. Kama ukurasa wako unaonyesha namba, namba hiyo iwe ya kweli. Lakini hulazimiki kuonyesha namba. Jaribu kuandika maneno: "tuna nguvu zaidi", "tunalingana", "hatari". Halafu ukokotoe kwa namna inayolingana na mtu anavyoyasikia maneno hayo. Jaribu pia kupunguza bahati katika pigano lenyewe na kuipeleka mapema zaidi, kwenye ardhi, hali ya hewa au habari za kijasusi, mahali ambapo mchezaji akiiona bado ana nafasi ya kupanga. Bahati inayokuja kabla ya uamuzi humpa mtu kitu cha kufikiria. Ikija baada ya uamuzi, humkasirisha.

Dada mimi naishi Mikindani, sina kompyuta, simu yangu ni ya tochi. Gemu nazicheza kwa rafiki. Natamani sana kubuni ya mkakati. Nianze na nini au nisubiri nipate vifaa?
*Kijana, Mikindani*

Usisubiri. Shelley alitoka kwenye michezo ya ubaoni, Ed Beach naye amebuni ya ubaoni. Na wewe uko mahali ambapo mchezo wa mkakati mgumu kuliko mingi ya kwenye kompyuta unachezwa barazani.

Keti na wachezaji wa bao la Kiswahili. Mashimo 32, kete 64. Mchezo unaanza kete chache zikiwa ubaoni na 22 mkononi mwa kila mmoja, na zamu za mwanzo ni za kunamua, unaingiza moja moja. Zikiisha mkononi, unaingia mtaji na mchezo unabadilika tabia kabisa. Halafu ipo nyumba, shimo moja maalumu upande wako. Ukiwa umekula, na kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, una ruhusa ya kulala pale au kuizoa nyumba uendelee. Ukilala umehifadhi mali, ila umeiacha mbele ya adui. Ukiizoa unaweza kumvuruga adui au kujimaliza. Mtazame mzee anapofika hapo: mkono unasimama hewani. Meier amekuwa akifundisha kwamba gemu ni mfuatano wa maamuzi yenye mvuto, na mkono ule uliosimama ndio unaoutafuta katika kila gemu utakayobuni.

Sasa fanya kazi. Mwombe rafiki mcheze bao bila nyumba, shimo lile liwe kama mengine. Chezeni mara kadhaa. Andika kwenye daftari ni wapi mmeacha kufikiria. Siku nyingine rudisheni nyumba, lakini kila mtu awe nazo mbili. Andika tena. Utajifunza kwa vidole vyako kanuni moja inavyobeba mchezo mzima, na hakuna chuo kitakachokufundisha hilo vizuri zaidi.

Baada ya hapo chukua karatasi ya manila. Nikupe mfano wa tunachokitengeneza sisi, gemu ya biashara ya majahazi. Tuliichora kwanza kwenye manila na kuicheza kwa maharage. Mchezaji ni nahodha kutoka Muskati, anashuka na kaskazi akiwa na tende na papa, anapita Lamu, Mombasa, Unguja, hadi Kilwa, anarudi na kusi akiwa amepakia boriti. Kadiri unavyoshuka kusini ndivyo faida inavyokua, na ndivyo unavyochelewa kugeuza. Hapo mwanzo upepo ulikuwa unaamuliwa kwa dadu, na meza ilikuwa inangoja bahati tu. Tulipouweka kwenye kalenda inayoonekana na wote, watu wakaanza kubishana: tugeuze Unguja na nusu ya shehena, au tufike Kilwa na kuombea msimu utoshe? Mabaharia wa kale walibishana hivyohivyo, maana Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja. Bei za bandarini bado hazijakaa sawa, na juma hili tunazikata nusu tuone.

Wewe Mikindani una bandari ya zamani nje ya mlango. Wazee wanajua mizigo, pepo, miamba na madeni. Chagua jambo moja tu kati ya hayo, mpe mchezaji sababu mbili nzuri zinazovutana, chora, tafuta mtu asiyejua kanuni umfundishe kwa dakika tano. Akishindwa kuzielewa kwa muda huo, punguza kanuni. Usimweleze kwa nini ulifanya ulivyofanya, kaa kimya umtazame.

Ukishaicheza na watu wasiopungua watano, niandikie kwa anwani ya gazeti. Weka nakala ya ramani, kanuni zisizozidi ukurasa mmoja, na orodha ya mahali ambapo wachezaji wako waliuliza swali. Nitaicheza na wenzangu na kukujibu hapa.